Nani Atamrudisha Chura? Historia ya Kutegua Uchawi wa Kugeuzwa Kwenye Dungeons & Dragons

Wadau, leo sina habari za semina wala za foleni ya kantini. Leo naandika historia, tena ya kitu ambacho wengi wenu mtasema ni utoto: jinsi uchawi wa kumgeuza mtu kuwa mnyama unavyopingwa kwenye michezo ya kuigiza ya mezani. Subirini kidogo. Mimi nasomea ualimu, somo langu moja ni historia, na sijaona mambo mengi yanayoonyesha waziwazi namna hii jinsi sentensi mbili za kanuni zinavyoamua nani aumie na nani apone.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: mnakaa watu wanne watano mezani. Mmoja ni mwamuzi, yeye anasimulia dunia na majini yake. Wengine kila mtu ana mhusika wake, mpiganaji au mchawi au mwizi, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, dadu inarushwa. Basi. Hakuna bodi kama ya bao wala mshindi wa mwisho. Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kupitia kampuni ndogo ya TSR, mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mara ya kwanza zilichapwa nakala 1,000 tu, vijitabu vitatu ndani ya boksi.

Sasa, kupinga uchawi kuna nyakati tatu, na Kiswahili chetu kina maneno yake tayari. Kuna kujikinga kabla haujakupata, hilo ni zindiko. Kuna kuukata hewani wakati mchawi bado anatamka. Na kuna kuutegua ukishakupata, au kuzingua, na hapa nasema kuzingua kwa maana ya bibi zetu, siyo kuzingua kwa maana ya mshikaji aliyekukopa akazima simu. Historia yote ninayosimulia ni ya hizo nyakati tatu kupokezana nafasi ya mbele.

Lakini wazo lenyewe ni la kale kuliko mchezo. Kwenye Odisea ya Homer, kitabu cha 10, yule mchawi Circe anawageuza wenzake Odysseus kuwa nguruwe. Odysseus mwenyewe anapewa na Hermes mmea unaoitwa moly, hivyo dawa ya Circe inagonga mwamba. Hapo ni zindiko tupu. Kisha anamtishia kwa upanga mpaka anaapa kutomdhuru, na baadaye Circe mwenyewe anawapaka wale nguruwe dawa nyingine wanarudi kuwa watu. Mambo mawili myashike. La kwanza, wakati wakiwa nguruwe akili zao zilibaki zile zile za kibinadamu, ndiyo maana walilia. La pili, walivyorudishwa walirudi vijana zaidi na warefu zaidi kuliko mwanzo. Yaani kwa Homer kurudishwa ni faida juu ya faida. Wamarekani wa miaka ya 1970, kama mtakavyoona, hawakuwa na huruma hiyo.

Kabla ya 1974 kulikuwa na Chainmail, kitabu cha kanuni za vita vya vikaragosi cha mwaka 1971, cha Gygax na Jeff Perren. Kilikuwa na nyongeza ya mambo ya kufikirika mwishoni: mazimwi, majitu, wachawi. Na humo ndimo tunakuta kukata uchawi hewani kukiwa na kanuni nzima. Mchawi mwenye nguvu zaidi anarusha dadu mbili, akipata 7 au zaidi amekata uchawi wa mwenzake. Aliye dhaifu anahitaji 8, 9, 10 au 11, kutegemea amezidiwa kiasi gani. Na ukikata, hiyo ndiyo kazi yako yote kwa wakati huo, hufanyi uchawi mwingine. Kanuni safi, fupi, inaeleweka.

Ajabu ni kwamba kwenye vijitabu vya 1974 hiyo kanuni haikuhamia. Kuna neno moja tu kwenye maelezo ya ndumba ya Kutegua linalosema itafanya kazi kama haikupingwa, lakini namna ya kuipinga hukuti. Kilichoandikwa kwa uwazi ni kutegua baada ya tukio. Ndumba ya Kugeuza Wengine ilikuwa daraja la 4, na ilidumu mpaka iteguliwe. Siyo saa moja, siyo wiki, mpaka iteguliwe. Na aliyegeuzwa alipata tabia zote za umbo jipya, ila akili si lazima: ukigeuzwa zimwi unapata uwezo wa zimwi, siyo lazima upate fikra zake.

Kuitegua kulihitaji ndumba ya daraja la 3, na hesabu yake ilikuwa ya darasa la sita. Chukua ngazi ya anayetegua, gawa kwa ngazi ya aliyeroga. Mchawi wa ngazi ya 5 akijaribu kutegua kazi ya mchawi wa ngazi ya 10, ana asilimia 50. Mkilingana, 5 kwa 5, ni asilimia 100. Maana yake mwaka 1974 kugeuzwa chura lilikuwa tatizo la kumtafuta mtu. Ukimpata mchawi wa kiwango cha aliyekuroga, umepona. Na hapo hapo pameandikwa kwamba kutegua kunahusu ndumba za aina nyingi kwa hiari ya mwamuzi, kwa hiyo mwamuzi akiwa na kinyongo na wewe, kazi unayo.

Mwaka 1978 kikatoka kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons, kazi ya Gygax, na hapa ndipo mambo yakawa mazito kweli. Mimi ukurasa huu nimeusoma mara nyingi kuliko baadhi ya rejea za kozi, mniombee.

Kwanza ile hesabu ya kugawa ilikufa. Sasa msingi ni asilimia 50. Kila ngazi unayomzidi aliyeroga unaongeza 5, kila ngazi aliyokuzidi unatoa 2. Kwa hiyo wale wa 5 kwa 10 sasa wana asilimia 40, na wanaolingana wana 50 tu badala ya uhakika. Kumpata mtu wa kiwango kile kile hakutoshi tena.

Pili, kulikuwa na kitu tutakachokiita mshtuko wa mwili. Mwili wa binadamu ukigeuzwa unapata mshtuko, na lazima urushe dadu uone kama umeuhimili. Kiwango kilitegemea namba yako ya ustahimilivu. Mtu wa kawaida kabisa, mwenye 10, alikuwa na asilimia 70 ya kubaki hai. Mwenye 3 alikuwa na 35, mwenye 18 alikuwa na 99. Hapo bado hatujafika kwenye kutegua, hiyo ni kugeuzwa tu. Asilimia 30 ya watu wa kawaida wanakufa palepale, hawafiki hata uchura.

Tatu ndiyo iliyonifanya niandike leo. Ukiteguliwa, ukirudi kwenye umbo lako, mshtuko unarushwa tena. Dawa ina hatari ile ile ya ugonjwa.

Tufanye hesabu pamoja. Mpiganaji wetu tumwite Juma, ustahimilivu 10, amegeuzwa chura na ameuhimili mshtuko wa kwanza. Mnaye mchawi anayelingana ngazi na yule adui. Akijaribu kutegua, kuna nusu kwamba hakuna kitakachotokea. Ile nusu nyingine Juma anarudi mtu, na hapo anarusha dadu ya 70. Kwa hiyo katika kila majaribio 100, 50 Juma anabaki chura, 35 anarudi mzima, na 15 mnapokea maiti ya Juma. Nawauliza, wewe kama rafiki yake, unaruhusu?

Mtasema basi aachwe, chura ana maisha yake, kuna madimbwi, kuna wadudu. Hapana. Kuna kanuni ya nne. Juma akiwa chura anabaki na akili yake, lakini kila siku dadu inarushwa kuona kama akili na hulka yake nayo imegeuka ya chura. Msingi ni asilimia 100, ukitoa 5 kwa kila pointi ya akili aliyonayo, halafu kuna marekebisho mengine ya tofauti ya nguvu kati ya maumbo mawili. Tukiyaacha hayo marekebisho, Juma mwenye akili 14 ana asilimia 30 kila siku ya kujisahau. Siku ya kwanza inabaki 70 kwamba bado ni Juma. Siku ya tatu imebaki kama 34. Wiki ikiisha imebaki kama 8. Na ikishatokea, kanuni inasema kwa hali zote yeye sasa ni chura. Hayupo mtu ndani anayesubiri kuokolewa.

Wale tuliosoma saikolojia ya elimu na falsafa kidogo tunajua John Locke alishauliza kitu cha jamaa hii mwaka 1694, kwenye mfano wake wa roho ya mwana wa mfalme kuingia mwili wa fundi viatu. Jibu lake ni kwamba mtu yupo pale kumbukumbu zake zilipo. Kanuni za 1978 zinamkubalia kabisa, ila zimemwekea saa ya ukutani.

Hiki ndicho ninachokipenda kwenye toleo hili, pamoja na ukatili wake. Uamuzi unakuwa mgumu kweli. Ukimtegua leo unaweza kumuua, ukisubiri kesho upate mchawi bora unaweza kumkuta chura mtupu. Sisi tulijaribu kanuni hizi muhula uliopita chumbani, wachezaji wanne na mwamuzi, na mmoja wetu aligeuzwa. Tulibishana saa nzima. Mwenye mhusika alisema mjaribu. Mwingine alisema tusafiri siku mbili hadi mji wenye mchawi wa ngazi ya juu. Sauti zilipanda mpaka jirani akagonga ukuta. Tukasafiri. Dadu ya siku ya kwanza ikapita, ya siku ya pili ikapita, na kila iliporushwa chumba kizima kilikaa kimya kama kwenye matokeo ya mtihani. Mchawi wa mjini alitegua, mshtuko ukarushwa, jamaa akapona. Naapa tulishangilia kama Taifa Stars wamefunga.

Kuhusu kukata hewani, toleo la 1978 lilikuwa na njia ya kienyeji zaidi: mpige. Mchawi akijeruhiwa wakati anatamka, ndumba inapotea. Kugeuza Wengine kulichukua vipande 4 vya muda vya sekunde 6 kila kimoja, kama sekunde 24 hivi. Sekunde 24 ni nyingi kwa mtu mwenye kombeo. Sanaa yote ya Chainmail ya wachawi kupambana kwa dadu mbili ilikuwa imebadilishwa na jiwe.

Toleo la pili, 1989, nalipita haraka maana kwenye jambo letu lilisafisha zaidi kuliko kubadilisha. Asilimia za kutegua ziligeuka kuwa dadu ya pande 20: pata 11 au zaidi, ongeza au punguza 1 kwa kila ngazi ya tofauti. Mshtuko wa mwili ulibaki.

Mwaka 1997 TSR, ikiwa taabani kifedha, ilinunuliwa na Wizards of the Coast, na mwaka 2000 likatoka toleo la tatu, la Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Hawa walikuwa na wazo moja kubwa: kila kitu kipimwe kwa njia moja. Rusha dadu ya pande 20, ongeza uwezo wako, fikia namba fulani. Kutegua kukawa dadu pamoja na ngazi yako (mwisho 10), dhidi ya 11 pamoja na ngazi ya aliyeroga. Wale wetu wa 5 kwa 10 sasa lazima wapate 16 au zaidi kwenye dadu, yaani asilimia 25. Mwaka 1974 walikuwa na 50. Tangu hapo mdogo alikuwa ameshushiwa uwezo wa kutengua kazi ya mkubwa.

Na kukata hewani kukarudi, baada ya takriban miaka 30! Unaacha zamu yako, unamvizia mchawi adui. Akianza kutamka, unarusha dadu kuitambua ndumba yake, ukifikia 15 pamoja na daraja la ndumba, yaani 19 kwa kugeuza, umeitambua. Kisha unaikata kwa ndumba ile ile. Kugeuza kunakatwa na kugeuza. Kama huna, unatumia Kutegua kwa kubahatisha. Kinadharia ni tamu, inafanana na masomo: ni lazima uwe umejiandaa na jambo lile lile. Kivitendo watu wengi hawakuitumia, maana nani anataka kuacha zamu yake akimsubiri adui ambaye pengine atachomoa kisu tu?

Lakini mshtuko wa mwili ulifutwa kwenye kugeuzwa. Juma akiteguliwa mwaka 2000 anarudi mzima, hakuna dadu ya kifo. (Mabaki yake yalihamia kwa waliogeuzwa mawe: kurudishwa nyama kulihitaji dadu ya kuhimili ya 15, ukishindwa umekufa.) Hatari ilikuwa imetoka kwenye mwili wa aliyegeuzwa ikaenda kwenye ustadi wa anayetegua. Akili nayo ilipunguziwa adha. Toleo la 2003 lilileta ndumba mpya ya daraja la 5 ya kumgeuza adui kuwa kimnyama kidogo, na akili ilirushiwa dadu mara moja tu. Saa ya ukutani ikaondolewa. Walikuwa na huruma hata ya kukuongezea 4 kwenye dadu ya kujiokoa kama umbo jipya lingekuua, mfano samaki nchi kavu.

Kichekesho ni kwamba kipindi hicho tatizo la kugeuza halikuwa tena adui. Wachezaji walikuwa wanajigeuza wenyewe na wenzao kuwa majini yenye vichwa vingi na kubomoa mchezo mzima, mpaka mwaka 2006 kitabu cha nyongeza kikaanzisha kundi maalumu la ndumba za kugeuza lenye mipaka mikali. Toleo la nne la 2008 lilifanya madhara mengi yaishe kwa kupata 10 au zaidi kwenye dadu mwisho wa zamu yako. Kwa uchawi, hiyo ni kama mafua.

Halafu 2014, toleo la tano, hili ambalo sehemu kubwa ya kanuni zake ziliwekwa wazi bure Januari 2023, ndiyo maana hata sisi wa mkopo wa bodi tunazo. Kugeuza sasa kunadumu saa moja tu, na mchawi lazima akaze fikra muda wote. Akijeruhiwa anarusha dadu, lengo ni 10 au nusu ya jeraha, lolote lililo kubwa. Akishindwa, Juma anarudi. Mnaona kilichofanyika? Hatari imehamia kwa mchawi mwenyewe. Lile jiwe la 1978 limerudi, ila sasa linafanya kazi hata baada ya ndumba kukamilika.

Kukata hewani kumekuwa ndumba kamili ya daraja la 3, unaifanya papo hapo ndani ya futi 60 hata kama si zamu yako. Ndumba ya daraja la 3 kushuka chini inakatika yenyewe. Kugeuza ni daraja la 4, hivyo unarusha dadu kufikia 14, isipokuwa ukitumia nguvu ya daraja la 4 mwenyewe. Kutegua vilevile. Ngazi ya aliyeroga haihesabiki tena, ile iliyokuwa kila kitu mwaka 1974. Na adui anaweza kukukatia mkato wako, nawe mwenzako akakata wa adui, mpaka mwamuzi anashika kichwa.

Ila tiba nyepesi kuliko zote ya 2014 ni hii, na siitungi. Aliyegeuzwa akifika sifuri ya pointi za uhai za umbo jipya, anarudi kwenye umbo lake, na jeraha lililozidi tu ndilo linalohamia kwake. Chura ana pointi 1. Kwa hiyo Juma akigeuzwa chura mbele yako, hakuna haja ya mganga wala kusafiri siku mbili. Mpige teke.

Upande wa pili, watu wanawageuza wenzao waliojeruhiwa kuwa sokwe mkubwa mwenye pointi 157, kama gari la wagonjwa lenye ngumi. Sasa anayeogopa kuteguliwa ni aliyegeuzwa. Yupo juu ya mnara anawapiga adui, mchawi wao anatamka maneno mawili, na Juma anajikuta mtu mwenye pointi 6, akiwa ameshika ukingo wa paa.

Marekebisho ya 2024 yamelainisha tena. Anayekatwa ndiye anayerusha dadu ya kuhimili, na akikatwa hapotezi nguvu yake ya siku, anapoteza zamu tu. Ndumba kubwa ya daraja la 9 bado ipo, ile ambayo mchawi akikaza fikra saa nzima bila kukatizwa, umbo linabaki mpaka liteguliwe. Maneno ni yale yale ya 1974. Kundi letu limeanza kampeni mpya Jumamosi kwa kanuni hizi za karibuni, na tayari wawili wameomba turudishe mshtuko wa mwili. Mwenye mhusika mwenye ustahimilivu 7 amekataa kata kata. Kura tunapiga Ijumaa.